Waliokuja na Bi Dhahabu

Bi Dhahabu alikuwa mkunga wa Likoni, na karibu kila kijana wa Mtongwe alizaliwa mikononi mwake. Ndiyo sababu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndui ilipozuka, watu wa idara ya afya walimwomba awatangulie nyumba kwa nyumba. Walipokwenda peke yao, watu walikimbilia mashambani. Akipiga hodi yeye, milango ilifunguka.

Baadaye wakaongezwa askari wa ofisi ya kuandika watu kazi, eti wasimamie foleni kwenye banda la chanjo. Mkubwa wao, Koplo Nicanor, alikuwa na adabu zake. Alimbebea Bi Dhahabu mkoba, wakanywa kahawa pamoja, wakazoeana.

"Mama, vijana wa Mtongwe nao watakuja kuchanjwa?" alimwuliza siku moja.

"Watakuja. Nitawaambia mwenyewe."

Akawaambia, nao wakaja, wengine wamevaa kanzu za Ijumaa. Kila kijana aliyekwisha kuchanjwa aliambiwa apite nyuma ya banda, dawa ikauke. Huko kulikuwa na lori. Wakapakiwa kupelekwa kukata mkonge, kazi ya lazima ya vita. Rama, mwana wa Mwanasaumu, alipaza sauti: "Bi Dhahabu! Waambie!"

Bi Dhahabu akamshika Nicanor mkono. "Hukuniambia haya, koplo."

"Hukuniuliza, mama. Kwani kazi yetu si moja?"

Wale wa afya waliinamia sindano zao, wakaendelea kuchanja.

Akaenda moja kwa moja kwa Mwanasaumu. "Wallahi, sikujua," alimwambia.

"Najua hukujua," Mwanasaumu alisema, akipepeta mchele bila kuinua uso. "Lakini sisi hatukumfungulia daktari, wala askari. Tulikufungulia wewe."

Rama alirudi mwaka uliofuata, amekonda, mikono imejaa makovu ya miiba. Alimwamkia shikamoo kama zamani. Bi Dhahabu aliitika huku anatazama kando.

Kazi ya chanjo aliiacha siku ileile ya lori. Ukunga hakuweza kuuacha, maana uchungu wa uzazi hauna subira. Ila kila alipoitwa, mwenye nyumba alifungua mlango nusu, akachungulia kwanza njiani nyuma yake, kuona kafuatana na nani. Bi Dhahabu hakumlaumu mtu. Aliinamisha kichwa pale kizingitini, akangoja mpaka mwenye nyumba amalize kutazama.