Hatua Tatu Mpaka Kabatini

Kocha wa timu yetu ya badminton pale wizarani alikuwa mtu wa adabu, kwa hiyo hakuniambia kwamba nilikuwa mzito. Alisema hivi: "Mama, mkono wako uko sawa kabisa. Shida ni moja tu. Ukifika, kinyoya kimeshalala chini." Nilimshukuru, nikaenda msalani, nikamtukania huko.

Nafasi ya mwanamke wa kucheza mmoja kwa mmoja kwenye mashindano ya Kisumu ilikuwa moja, nayo ingeamuliwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi katika ukumbi wa mtaa, karibu na mtaa wa Mbotela, huku Nairobi. Mimi nilikuwa nimeshamwandikia mama yangu kwamba naenda. Ndiyo, kabla ya kuchaguliwa, subira sikujaliwa. Mama aliishi nje kidogo ya Kisumu, na kila Krismasi aliniuliza hasa nafanya nini Nairobi, nami nilimweleza habari za mafaili mpaka akasinzia. Hakuwahi kuniona nikifanya jambo lolote la kuonekana. Alinijibu kwa mstari mmoja: atakuja na akina mama wote wa kanisa.

Basi ikanibidi niwe mwepesi kwa wiki tatu. Ukumbi tuliupata Jumamosi tu, tena kama hakuna harusi, kwa hiyo nilifanyia mazoezi sebuleni kwetu Buruburu, jioni, maji ya ugali yakiwa jikoni. Nilisukuma makochi ukutani, nikatandaza vitambaa vyake sakafuni mahali sita, nikavipa namba. Mume wangu angetaja namba, mimi nikimbie niiguse, nirudi katikati. Nilisahau kwamba asubuhi ile sakafu niliipaka nta nyekundu kwa mikono yangu mwenyewe, nikaisugua mpaka ikang'aa. Kitambaa namba mbili kilinipokea, kikanifikisha mlango wa jikoni nikiwa nimekaa. Watoto, waliokuwa wamejipanga kwenye ngazi, waliomba nirudie.

Tukaweka malapa yao badala ya vitambaa. Mume wangu, ambaye nyumbani hakuwa na amri hata juu ya redio, aliipenda kazi ile kupita kiasi. Aliita bila kuinua macho kwenye gazeti: "Tatu! Sita! Nne! Nne! Nne, mama watoto, umelala?" Namba nne ilikuwa mbele ya kabati la vioo lenye vyombo vya wageni, na kila nilipolikaribia nilipunguza mwendo nisije nikavunja glasi. Hatua tatu, breki, geuka. Nikirudi katikati nilizunguka meza ndogo ambayo hatukuwa na mahali pengine pa kuiweka. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nakimbia sebuleni kama kuku aliyeona mwewe, na nikaanza kuwahurumia watu ambao wangepangiwa kucheza nami.

Jumamosi ile ukumbini, niliyepangiwa alikuwa mama wa masijala. Alinizidi miaka kumi, na kilo pia, na zoezi lake pekee lilikuwa kupanda ngazi lifti ikiharibika. Kinyoya cha kwanza alikipeleka nyuma kabisa. Nikakifuata: hatua tatu, breki. Kikaanguka hatua moja mbele ya pua yangu.

Uwanja ulikuwa mkubwa kuliko sebule. Jambo hilo mimi nililijua. Miguu yangu ndiyo haikuwa na habari. Kila pembe niliyoikimbilia nilisimama pale ambapo vioo vingeanzia, na kila niliporudi katikati nilizunguka meza ambayo haikuwepo. Mama wa masijala alitembea tu. Naapa, alitembea. Nilipokuwa nyuma nane kwa moja, mume wangu alitambua kinachoendelea, akasimama kwenye benchi na kupaza sauti: "Hakuna kabati hapo! Wewe enda tu! Enda!" Ukumbi mzima ukacheka, pamoja na kocha na adabu zake. Nilifungwa kumi na moja kwa mbili, kisha kumi na moja kwa nne.

Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani, na si kwa sababu ya mchezo. Nilikuwa namwona mama akipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wenzake kwamba safari imevunjika. Jumapili nilishika kalamu, barua ikanishinda. Jumatatu nilimfuata kocha nikamweleza yote, hata aibu ya kuandika mapema. Akajikuna kichwa. Kisumu walihitaji mwamuzi wa mstari, akasema. "Ni kukaa kwenye kiti tu, kuangalia. Utaweza?"

Kwa hiyo baada ya kukimbia wiki tatu, nilikaa kitini siku mbili. Kinyoya kikianguka nje, natandaza mikono. Kikianguka ndani, naonyesha mstari kwa mkono mmoja. Mama alifika na akina mama kumi na wanne wenye vitambaa vyeupe kichwani, wakajaza benchi mbili, nami nikatamani ardhi inimeze. Mchezaji mmoja mrefu akapiga kinyoya kikatoka kidogo sana, akanikodolea macho kama askari. Nikatandaza mikono. Akanung'unika, akainamisha kichwa, pointi ikaenda kwa mwenzake. Vigelegele vikalipuka kwenye benchi zile mbili.

Kisha nikamsikia mama akimweleza jirani yake, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Hao wengine wanakimbiakimbia tu. Huyu wangu ndiye anaamua."

Kinyoya kilichofuata kilianguka ndani, tena ndani kabisa, nami nilitamani sana kutandaza mikono, ili tu anione tena.