Siku Nilipotoa Vitu vya Baba Mkwe Uwanjani

Nakumbuka siku ambayo baba mkwe wangu alirudi kutoka mnadani akakuta watu wamejaa uwanjani kwake wanamlilia, naye yuko hai, kashiba, na kipande cha nyama ya mbuzi bado kiko shavuni. Msiba ule niliuanzisha mimi, mwanangu, na sikuwa na ubaya na mtu. Nilikuwa nafanya usafi.

Niliukumbuka jana nilipokuja kwako. Niliingia sebuleni nikakosa pa kuegemeza mkongojo wangu. Kuna boksi la televisheni ambayo ilikwisha kufa zamani, kuna ndoo za rangi zisizo na rangi, kuna viti vya plastiki vilivyovunjika miguu vimepandana kama mbuzi zizini. Nilipokuuliza ukanijibu, "Usijali mama, Jumamosi naomba ruhusa kazini, natoa vyote siku moja." Nikanyamaza, maana nilikuwa na andazi lako mdomoni. Leo sina andazi, kwa hiyo kaa hapa unisikilize.

Niliolewa Mungaa miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa, tulipokuwa tukienda shamba la pamoja asubuhi na darasa la kisomo cha watu wazima jioni. Baba yako, Rajabu, alinipeleka nyumbani kwa wazazi wake, kwenye tembe ndefu yenye paa la udongo. Tembe ile kwa nje ungeisifu. Kwa ndani ulipita ubavu ubavu. Baba mkwe, Mzee Ntandu, hakuwahi kutupa kitu tangu azaliwe. Alikuwa na majembe yaliyoliwa na udongo yakabaki kama vijiko, vibuyu vilivyopasuka, kengele za ng'ombe ambao walikwisha kuliwa na kusahauliwa, chemli isiyo na kioo, na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Ukimuuliza vya nini, alikuwa na neno moja tu: "Kitakuja kufaa." Vikikosa nafasi chumbani kwake, vilihamia chumbani kwetu.

Nami nilikuwa na mimba ya kwanza. Tumbo lilikuwa linakua, vitu vilikuwa vinaongezeka, na chumba kilikuwa kilekile. Kila nikilala nilikuwa najiuliza huyu mtoto nitamlaza wapi, juu ya majembe au ndani ya kibuyu? Sikutaka makubwa. Nilitaka pembe moja ya chumba, ile ya ndani isiyo na upepo, nitandike ngozi nimlaze mwanangu. Lakini mkamwana hamwambii baba mkwe wake apunguze vitu. Kwetu hata kumtazama usoni lilikuwa jambo la kufikiri mara mbili.

Basi akaja bwana afya kwenye darasa letu la kisomo. Kijana mmoja mwembamba, kaptula imepigwa pasi ikasimama yenyewe. Akasema nyumba iliyojaa vitu ndiyo maskani ya papasi na nge, na nge hachagui mtoto wala mzee. Wenzangu walicheka. Mimi niliyasikia maneno yale kama nimepigwa kofi. Nikarudi nyumbani nimeshaamua.

Siku ya mnada ikafika. Mzee na Rajabu wakaondoka na mbuzi alfajiri, mama mkwe akaenda kutafuta kuni. Nikasema, leo ndiyo leo. Nikajifunga kanga kiunoni nikaanza kutoa. Nilitoa vya chumbani kwetu, nikaona havitoshi, nikaingia na ukumbini. Nikatoa ngozi ya mzee ya kulalia ili ipigwe na jua papasi wafe. Nikatoa fimbo zake, koti lake la kaki, mkuki wake. Kigoda chake nikakiosha, nikakigeuza miguu juu kikauke. Vyote nikavipanga uwanjani vizuri, safu kwa safu, nikasimama kidogo kujisifu, nikarudi ndani kufagia.

Sasa mwanangu, hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa. Kwetu, vitu vya mzee vikitolewa nje vyote kwa pamoja, ngozi yake, fimbo yake, kigoda kimepinduliwa, maana yake ni moja. Mwenyewe hayupo tena, na ndugu wanaitwa kugawana. Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini bwana afya alikuwa amenijaa kichwani, hapakuwa na nafasi ya kitu kingine.

Jirani yetu Mama Elia alikuwa anapita na mtungi wa maji. Akaona. Mtungi ukaenda chini, mikono ikaenda kichwani, akapiga ukunga uliosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Watu wakaacha majembe wakaja mbio. Mimi nilikuwa ndani na vumbi langu, nikasikia vilio. Nikachungulia nikaona uwanja umejaa, na Mama Elia anagaagaa anasema, "Mzee Ntandu, umetuachia nani!" Moyo ukanipasuka. Nikajua habari zimeletwa kutoka mnadani, baba mkwe wangu amefia huko. Nikatupa ufagio, nikatoka nalia kuliko wote.

Waliponiona mkamwana mwenyewe analia namna ile, hata wale waliokuwa na shaka ikawaisha. Wao waliamini kwa sababu ya vitu na mimi, mimi niliamini kwa sababu yao, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake.

Mama mkwe akatokea na mzigo wa kuni. Wakampokea kuni, wakamkalisha chini, wakamwambia pole mama, ndiyo kazi ya Mungu. Naye akalia sana. Baadaye akainua kichwa akauliza, "Kwani amekufa na nini? Asubuhi si alikula viporo vyote?" Watu wakatazamana. Mmoja akasema labda tumbo.

Mambo yakaendelea kwa utaratibu mzuri. Balozi wa nyumba kumi akapeleka vijana na majembe mahali pa kuchimba. Baba mdogo Njiku, mdogo wake mzee, alikuwa analia huku amelivaa lile koti la kaki. Alisema anajaribu tu kama litamkaa.

Ndipo Mzee Ntandu mwenyewe akaingia, Rajabu nyuma yake, nyama shavuni kama nilivyokwambia. Akaona umati, akasikia kilio, akaona vitu vimetolewa. Hakupata wazo la kwamba ni yeye. Mtu hafikirii hivyo. Alidhani amefiwa na mkewe. Akaangusha fimbo, akaketi mavumbini, mzee yule mkali ambaye sijawahi kumwona hata akipenga kamasi, akalia kwa sauti, "Mke wangu! Mke wangu umeniacha na nani!"

Mama mkwe, pale alipokalishwa na wajane wenzake, akaisikia sauti. Akafunua kanga usoni akasema, "Nani huyo ananililia?"

Wakaonana.

Mwanangu, watu walikimbia. Mama Elia alipitia juu ya zizi, na alikuwa mwanamke mnene. Balozi alisimama kishujaa kidogo, kisha akakumbuka kwamba ana kazi nyingine. Baba mdogo Njiku alikwama kwenye mkono wa koti. Nikabaki mimi na tumbo langu na vitu vimepangwa safu kwa safu.

Ilipoeleweka, mzee hakucheka. Alitazama kigoda chake kilichopinduliwa, akasema taratibu, bila hata kunitazama, "Kesho huyu mtoto arudi kwao Issuna." Rajabu akainama kuokota fimbo ya baba yake. Nilikuwa nimetaka pembe moja ya chumba, na sasa ninafukuzwa kwenye nyumba nzima.

Mama mkwe ndiye aliyeniokoa. Alisema, "Sawa mzee. Lakini kumbuka akienda, mjukuu wako naye anakwenda, maana yumo humo tumboni." Mzee akafikiri. Mwisho akasema, "Basi akae. Lakini vitu vyangu vyote virudi ndani." Tukavirudisha, na nakuapia, havikuenea. Sijui mwanzo vilikaaje.

Jioni yake mama mkwe aliniita jikoni. Nilitegemea matusi. Akanimiminia uji, akasema, "Wewe mtoto, umemzika mume wangu kwa sababu ya papasi. Nyumba ya marehemu ndiyo inayotolewa vitu vyote kwa siku moja. Huyu yuko hai. Kila kikorokoro humo ndani kina mtu wake, kina safari yake, kina njaa yake. Ukivitoa kwa mpigo unamtoa na yeye. Toa kimoja kwa siku, na ukitoe mbele ya macho yake."

Nikamwambia mtoto hatatusubiri. Akasema, "Basi anza kesho, badala ya kulia."

Nikaanza. Kila asubuhi kabla ya uji nilichukua kitu kimoja kutoka ile pembe, nikapiga goti uso chini. "Shikamoo baba. Naomba habari ya hiki." Siku ya kwanza ilikuwa kengele ya ng'ombe. Alinitazama kwa hasira. Kisha akaishika, akaitikisa, na sauti ikamfungua. Akanieleza habari ya yule ng'ombe, mama yake ng'ombe, na mtu waliyebadilishana naye, mpaka uji ukafanya ngozi. Alipomaliza akaitazama kengele kama kitu cha mtu mwingine. "Mfungie yule mbuzi mtoro," akasema.

Hapo nikaelewa kitu ambacho bwana afya hakutufundisha. Mzee hakuwa anaweka vitu, alikuwa anaweka habari, na hakuwa na mtu wa kumsimulia. Habari ikishatoka, kitu kilibaki kitu tu.

Kile kiatu nacho kilikuwa na yake. Alipewa na askari aliyeacha mguu wa kushoto vitani, kiatu kikawa hakina kazi kwake. Mzee akakipokea akingoja apatikane mtu mwenye mguu wa kushoto peke yake. Tukasubiri kidogo sote kwa heshima, kisha akakubali kipelekwe bandani, na kuku akatagia humo. Koti la kaki alimpa baba mdogo Njiku, kwa vile lilikwisha kujaribiwa. Siku nyingine alisema, "Hicho kirudishe." Nilikirudisha bila neno, kesho nikashika kingine. Baadaye utamu ukamzidi, akawa ananingoja mwenyewe mlangoni, na majirani wakaacha kupita kwetu asubuhi, kwa maana aliyepita alisimuliwa, na aliyesimuliwa alipewa kibuyu.

Pembe ikaanza kuonekana. Mwishoni kikabaki kimoja, kilindo kikubwa cha gome cha kuwekea mtama, kirefu kunipita, kimekaa pale pale ninapopataka. Kila nikikiomba mzee alisema, "Hicho bado." Hakunipa habari yake wala hakunipa sababu. Siku zikaenda, tumbo likashuka, kilindo kimesimama.

Uchungu ukanishika asubuhi, kabla hata sijapiga goti. Mama mkwe akanishika mkono akanipeleka ndani, akakuta hakuna pa kunilaza. Akapiga kelele, "Mzee! Kilindo!"

Mzee akaja mpaka mlangoni, akasimama, akakigusa. Akaanza, "Kilindo hiki, baba yangu alipobandua gome lake..."

"Mzee, mtoto hasubiri gome!"

Akafunga mdomo. Nilimwona, mwanangu, kwa macho yangu ya maumivu. Alikikumbatia kile kilindo kama mtu anayemnyanyua mgonjwa, akakivuta. Kikakwama mlangoni. Akarudi nyuma hatua, akakivunja kwa mguu wake mwenyewe, akatoa vipande nje. Dada yako mkubwa alizaliwa kwenye pembe ile, sakafu ikiwa bado na vumbi la mtama.

Alipotolewa nje kuonyeshwa, babu yake alimpokea akaketi naye kivulini kwa ukuta. Nilikuwa nyuma ya mlango nikasikia yote. Alimsimulia habari ya kilindo kuanzia kwenye gome. Alimwambia jinsi mwaka wa njaa mama yake alivyokwangua humo punje za mwisho, akampikia yeye, na mwenyewe akanywa maji akalala. Mtoto hana hata siku moja duniani, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Katika nyumba ile, ukiniondoa mimi, hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo. Nililia, na sikutaka mtu aniulize kwa nini.

Kwa hiyo Jumamosi usiombe ruhusa popote. Kesho kabla ya chai, shika kitu kimoja tu. Kama ni cha mumeo, muulize habari yake, na umsikilize hata chai ikipoa. Kama hakina habari, kitoe bila huruma, apewe mtu au kiende jalalani. Ukiona moyo umekataa, kirudishe, usigombane na moyo, kesho shika kingine. Usipumzike kwa sababu umetoa vingi jana. Utaona siku inafika unatembea humo ndani kifua mbele, na hakuna aliyeumia.

Mungu akujalie mwanangu, akupe mkono mwepesi wa kutoa na sikio lisilochoka. Akupe nyumba ambayo mgeni akibisha hodi unamwambia karibu papo hapo, humwambii asubiri kidogo.