Yaya Georgette na Mpira wa Utomvu

Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nilimpoteza dada yangu mkubwa, Yaya Georgette.

Sisi wa umri wake tunakikumbuka kile kiwanja cha gofu walichokiacha Wazungu nyuma ya mtaa wetu. Fimbo tulikata msituni, zenye kifundo mwishoni. Mpira tulijitengenezea: tulipaka utomvu mkononi, ukikauka tunauvua huku vinyweleo vinang'oka na sisi tunapiga kelele, kisha tunauviringisha. Ulinuka hadi mama akatukataza kugusa sahani. Leo mtoto anacheza gofu kwa kidole gumba kwenye simu, kisha anasema amechoka.

Kwetu ni Yanonge, kando ya mto, sisi ni watu wa mitumbwi, basi tulikosea kwa namna yetu: tulivuta fimbo kama kafi, kwa mabega. Mpira ulijiviringisha kidogo ukalala majanini.

"Bon, uko napiga mpira ao uko navusha watu?" Yaya alinicheka.

Yeye alisema alijifunza kwa kutwanga pondu, yale majani ya muhogo, kwa maana mchi haulazimishwi. Akipiga mpira, uzito wa mwili wake ulianzia mguu wa kulia ukahamia wa kushoto. Kiuno kiligeuka kwanza, mabega yakafuata, kisha mikono. Vifundo vya mikono vilifunguka mwisho kabisa. Kila kiungo kilikabidhi mwendo wake kwa kinachofuata, hadi ncha ya fimbo, iliyo mbali kuliko vyote, ikapita kwa kasi na kulia hewani. Hakutumia nguvu nyingi. Mpira ulipotea machoni. Sikusoma sana, lakini hilo nililiona.

Kiwanja sasa kimejaa nyumba. Mwaka jana Yaya alipooza upande wa kushoto. Alitaka jambo moja tu: kwenda chooni mwenyewe, asibebwe tena na watoto wake. Kila asubuhi nilimsimamisha.

"Yaya, peleka uzito kushoto."

"Mudogo wangu, huu muguu iko wa mutu mwingine. Umurudishie mwenyewe."

Tulicheka, akaketi. Zamani alivusha mpira kiwanja kizima. Sasa ua wetu mdogo ulimshinda. Hakufika chooni mwenyewe hata mara moja. Siwezi kusema vingine.

Jumanne hiyo hakutaka kusimama. Alitaka mkate, nikaenda kununua. Niliporudi, mama jirani alikuwa mlangoni. Alinipokea mkate, akanipisha niingie.