Mjerumani Katika Kaburi la Dani

Hata leo nikipita soko la Uriri kuna mama mmoja muuza dagaa wa omena ambaye hunipigia saluti, nami huinamisha kichwa na kuongeza mwendo, kwa sababu najua anachokumbuka. Heri niieleze aibu hii mwenyewe kabla hamjaisikia kwake (yeye huongeza chumvi, anasema nilikuwa uchi, sikuwa uchi).

Kikundi chetu cha vijana wa kanisa kilikuwa kinatayarisha mchezo wa kupeleka mashindanoni Oyugis. Mwalimu Odera, mstaafu anayesoma kila kitu kilichochapishwa, alikuwa ameutunga kuhusu wanajeshi wa kawaida wa Ujerumani katika vile vita vya zamani vya mahandaki. "Hapa hakuna majenerali," alituambia. "Hapa ni chawa, njaa, matope na kungoja." Niliomba kuwa Karl, kwa sababu Karl ana sentensi moja tu, "Mama, mimi niko salama," anaisema akiandika barua, halafu anakufa. Mimi ni mtu wa haya, shule niliachia darasa la nane, na sikuwa nimewahi kupewa nafasi yoyote mbele ya watu, hata kubeba msalaba. Nikapewa Karl. Nililala nikitabasamu.

Jumatatu Mwalimu akanisimamisha. "Okoth, unakaa handakini kama mtu anayengoja chai. Ijumaa ukija hivi, Karl nampa Ouma."

Nikaona dawa ni kuchimba handaki langu. Dani, nyanya yangu ninayeishi naye, alikuwa amelazwa Homa Bay wiki nzima, kwa hiyo boma lilikuwa langu na kuku. Nikachimba pale udongo ulipo laini, kando ya nyumba yake, upande wa kushoto. (Mjaluo anayesoma hapa ameshashika kichwa. Ngojeni.)

Nilivaa koti zito la dani na gambuti nilizozijaza maji, maana Mwalimu alisema miguu yao ilikuwa inaoza kwa unyevu, na kichwani nikaweka sufuria ya ugali badala ya kofia ya chuma. Wale watu walikula mkate mweusi wenye unga wa mbao na supu ya mizizi ya kulisha ng'ombe. Mimi nilikula muhogo baridi bila chumvi. Walilalia nyasi kavu, basi nikachukua nyasi za kiota cha kuku, na haikupita nusu saa utitiri ukawa umenifundisha habari yote ya chawa. Nikaanza barua. Mimi huandika polepole, kufikia saa nne nilikuwa na "Mama, mimi" tu, na hapo nikamwelewa Karl kabisa: unawashwa kwapani, una njaa, unaogopa, na unatakiwa uandike kwamba uko salama.

Ndipo jirani yetu tunayemwita Nyar Oyugis, yaani binti wa Oyugis, akafika langoni kuuliza hali ya dani. Aliona udongo umerundikwa, akaona shimo, akaona na upande. Kwetu mke huzikwa kushoto mwa nyumba yake.

"Uuuwi! Min Joseph!" (ndivyo wanavyomwita dani). "Umetuacha bila kuaga!"

Ningeinuka wakati ule mambo yangeisha. Lakini nilikuwa na sufuria kichwani, nikaamua kujifunika zile nyasi, nitatoka akishaondoka. Hakuondoka. Wakaja wengine wakikimbia na nduru zao, na kila aliyekuja alinipunguzia uwezo wa kutoka. Nikasikia viti vikishushwa. Nikamsikia yule mama wa omena, ambaye hawasalimiani na dani tangu wagombanie kibanda, akilia kwamba hatapata tena rafiki kama yule. Mwalimu alisema Wajerumani waliweza kumsikia adui akikohoa. Mimi niliwasikia majirani wakijadili kama fahali wetu atatosha (ni mmoja, tena ni ndama).

Kisha mzee wa kijiji akasema, "Nani alichimba hili? Ni fupi. Min Joseph ni mtu mrefu." Akaja kupima kwa fimbo, fimbo ikagonga sufuria. Ngo!

Walivyokimbia sitaeleza, ila mzee aliacha kiatu.

"Toka! Wewe ni nani?" sauti ikauliza nyuma ya ghala.

"Mimi ni Karl," nikajibu (kwa nini, Mungu wangu, kwa nini?).

Nikasimama, utitiri ukinitembea shingoni, kijiji kizima kikinitazama, ikabidi niseme. Nikawaambia kuhusu Mjerumani wa kawaida, kwamba hakuwa mfalme wala jenerali, alikuwa mkulima au fundi viatu aliyewekwa shimoni, na alichotamani kuliko ushindi ni soksi kavu. Sikunyamaza, kwa sababu niliona nikinyamaza watanipiga. Nilikuwa nimefika kwenye panya Nyar Oyugis alipouliza, "Na mama yake alijua?"

"Hakujua. Aliandikiwa kwamba yuko salama."

"Maskini," akasema, akaanza kulia upya, safari hii akimlilia Mjerumani.

Pikipiki ikasimama langoni. Dani akashuka na mfuko wake wa dawa, akatazama viti, akatazama shimo. "Nani amekufa kwangu?"

Mama wa omena alijificha nyuma ya mzee.

"Okoth. Hiyo ni sufuria yangu?"

Sasa, shimo la upande ule halifunikwi tupu. Wazee wakaleta yago, lile tunda refu ambalo huzikwa badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana, lakini dani akakataa katakata lizikwe kwa jina lake. "Mzikeni huyo Mjerumani wake." Basi tukamzika Karl, hapa Uriri, kwa maombi na nyimbo mbili.

Mwalimu Odera, aliyekuja kulia kama wengine, alinishika bega. Nikajua Karl ameenda kwa Ouma.

"Karl ni wako," akasema. "Na hayo yote uliyoyasema pale, utayasema jukwaani. Kurasa tatu."

Siku hizi hata nikichimba shimo la kupanda ndizi, kwanza nazunguka kwa majirani kuwaambia hakuna aliyekufa. Ugali tunapika kwa sufuria ndogo. Ile kubwa dani hataki kuigusa; anasema ni ya marehemu.