Mashimo kwenye Jivu la Bibi

Enzi zetu, nyie wenzangu mliokulia Majengo, jivu la mbabula, jiko letu la makaa, halikutupwa ovyo. Lilikaa kwenye beseni bovu nyuma ya mlango wa jiko, limechekechwa laini kama unga, likingoja Alhamisi. Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri, Bibi Mwanaidi, mama yake baba, alitufundisha lelemama.

Kwa waliosahau, na mko wengi, msinikunjie uso: lelemama ni ngoma ya wanawake. Mnasimama mstari mmoja, sare moja, bega kwa bega. Kazi yote ni ya mikono na viganja, na shingo kidogo. Miguu hainyanyuki hata siku moja. Inateleza nusu hatua kulia, nusu hatua kushoto, na upatu unalia polepole mpaka asiyejua anadhani mnasinzia. Bibi alikuja nayo kutoka Ujiji alipoolewa huku Gisenyi, kando ya ziwa Kivu. "Nimeacha ziwa langu," alikuwa akisema, "nikapewa hili lenye visamaki kama kucha. Sawa. Ngoma siachi."

Na hivyo visamaki, sambaza, ndivyo alivyokuwa akikaanga huku anatufundisha! Anamwaga jivu uani, analisawazisha kwa ukingo wa ungo, anatupanga juu yake miguu mitupu, wasichana tisa. Halafu anatugeuzia mgongo. Mkono mmoja unagonga upatu, mwingine unageuza sambaza kwenye mafuta, wala hageuki kututazama. Nyie mnajua ile harufu, na njaa ya mtoto aliyetoka shule. Ngoma ikiisha anasema, "Tokeni," anainama, anasoma jivu. Aliyeteleza ameacha mstari safi. Aliyenyanyua mguu ameacha mashimo.

"Huyu amecheza. Huyu naye amecheza. Huyu wa tatu alikuwa anakimbia mpakani Petite Barrière kununua vitunguu."

Mwenye mashimo alikula mwisho. Mimi nilikula makombo utoto wangu wote.

Siku moja ardhi ilitikisika, kama kawaida yetu tunaoishi karibu na mlima wa moto Nyiragongo. Masufuria yakalia, kuku wakapanda ukuta. Bibi hakuacha kugonga, na sisi nani angethubutu kukimbia? Aliposoma jivu, kwangu mashimo matupu.

"Si mi, Bibi," nikasema. "Ni volkano."

Alinitazama mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi. "Volkano imepita hapa, ikamruka Saida, ikamruka Amina, ikaja kukushika wewe tu? Mna ugomvi gani?"

Basi, jina likawa hilo. Mashangazi waliokuwa wakirudi kutoka Goma na mafurushi ya vitenge walinisalimia barabarani: "We Volkano, Bibi hajambo?" Nililia. Leo ningetoa chochote mtu aniite vile tena. Maana nilipofika miaka kumi na mbili mashimo yaliisha, na jina likaisha nayo, na kwenye harusi ya Saida nikasimama mwisho wa mstari, kanga mpya inanuka duka, viganja vinapinduka pamoja na vya mama yangu bila mimi kuviambia. Bibi akapita nyuma yetu akinong'ona, "Leo vitunguu havinunuliwi."

Bibi hayupo tena. Upatu umebaki kwangu. Sasa nije kwenye hasira zangu.

Mdogo wangu Shamsa anaolewa. Nikaenda kwenye kikao cha kamati kuuliza lelemama wameiweka saa ngapi. Haimo! Mstari unataka watu saba, tumebaki wanne. Kijana wa muziki, simu mkononi, hajanyanyua hata kichwa: "Dada, si tuweke video? Tutaionyesha kwenye skrini, dakika mbili, kisha dijei anaendelea."

"Weka na video ya pilau," nikamwambia, "tuitazame tushibe."

Nikasema: nipeni wiki tatu, tukifika saba spika inazimwa. Wakakubali huku wanacheka.

Lakini nilipofika nyumbani hasira ilinigeukia mwenyewe. Binti yangu Hawa ana miaka minane, na sijawahi kumsimamisha hata Alhamisi moja. Sakafu yangu ni vigae. Napikia gesi. Mjukuu wa Bibi Mwanaidi hana hata kijiko cha jivu! Nikaenda kuomba kwa jirani, Mama Divine, aliyerudi kutoka Congo, anayechoma mahindi njiani.

"Majivu ya nini, mama? Uko na panya?"

"Ya kucheza."

"Eh, Mungu wangu! Chukua yote, lakini utakuja kunieleza muzuri."

Nikalimwaga sebuleni. Mume wangu alifika mlangoni, akatazama, akavua viatu, akazunguka kuingilia mlango wa nyuma. Huyo ni mwanaume. Nikawapanga Hawa na watoto wawili wa dada yangu. "Ngoma ya kusimama?" wakalalamika. "Inaanza saa ngapi?" Nikawageuzia mgongo, nikagonga upatu, nikageuza sambaza.

"Tokeni."

Wale wawili walikuwa na mistari, imepinda lakini ni mistari. Kwa Hawa, mashimo matupu.

"Na huyu alikuwa anakwenda wapi?"

Hawa akatazama sakafu, akatazama dirisha. "Si mi, mama. Ni volkano."

Wallahi sijawahi kumsimulia. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye jivu.

Enzi zetu tulikuwa tisa uani, na jivu halikuisha. Leo nina watatu kwenye vigae, na jivu la kuomba. Lakini Alhamisi hii mstari wa Hawa ulikuwa mrefu kama mkono wangu kabla ya shimo la kwanza. Harusi ni kesho kutwa. Tuko saba, na spika itazimwa.

Makombo ya sambaza bado anakula yeye.