Kibuyu cha Mbegu za Kunde

Kwetu Kilungu mwanamume hagusi kibuyu cha mbegu. Atachinja mbuzi, atajenga, atafoka mpaka mabati yatingishike, lakini mbegu ni za mama wa boma, na kibuyu chake hakifunguliwi mpaka mvua iwe karibu. Ndiyo sababu mke wa jirani yetu, msichana mdogo mwenye watoto wawili waliofuatana mbiombio, alileta vidonge vyake vya kupanga uzazi kwetu. Mumewe angevikuta nyumbani angemvunja mbavu. Mama akavisukuma ndani ya kibuyu cha kunde, chini ya majivu ya kuzuia wadudu. "Nani atashuku mwanamke wa umri wangu?" akasema, akacheka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mimi nilikuwa nafundisha watoto wa nasari upande wa Kasikeu, bado sijaolewa, na nilikuwa kifungua mimba katika nyumba ya wasichana watupu. Wasichana watupu, sikia hilo vizuri. Baba alifanya kazi bandarini Mombasa na alikuja likizo Krismasi. Ndugu yake, baba mdogo, alikaa ng'ambo ya mkonge uliogawa mashamba yetu, na kila mwaka mkonge huo ulisogea. Hakuna aliyeuona ukisogea. Ukimuuliza, anakuuliza wewe: "Kwani shamba lisilo na kijana ni la nani?"

Wazee wa ukoo walikuwa wamempa mama njia moja: aoe iweto, yaani yeye mwenyewe atoe mahari, alete msichana wa kuzaa kwa jina la nyumba yake. Ni desturi yetu ya zamani. Lakini mama alikuwa mtu wa kanisa, wa kitambaa cheupe na kiti cha mbele, na pasta alishasema wanaofanya hivyo watakaa nje ya meza ya Bwana. Mama akakataa. "Nitazaa mwenyewe," akawaambia, na wazee wakatazamana.

Maana damu yake ilikuwa imeanza kukatika. Mwezi mmoja inakuja, mingine inapotea. Kanisani joto lilimpanda ghafla akajipepea na kitabu cha nyimbo huku wengine wamejifunika sweta. Usiniambie hakujua ni nini. Alijua, na aliogopa kama mtu anayesikia mlango ukifungwa naye yuko nje.

Yule msichana wa jirani alikuwa akija kila asubuhi kuomba moto, anameza kidonge chake, anaenda na kaa kwenye kigae. Mama alimwangalia. Aliona damu ya msichana ikija kila alipofikia vile vidonge vya kahawia vya mwisho wa pakiti, haikosi. Aliona pia kwamba mara moja tu alipoviacha, mimba ilimshika papo hapo. Ndiyo ile ya mtoto wake wa tatu. Mama akajumlisha. Baada ya Pasaka akamtuma msichana kliniki aseme pakiti zimepotea, apewe nyingine. Kule kliniki walimfunga msichana mkono wakampima presha, wakasema iko sawa. Wa kumpima mama hakuwepo.

Nilimkuta mama asubuhi moja ameshika kidonge kiganjani.

"Aka! Mwaitu, mama yangu, hizo dawa si za kuzuia mimba?"

"Zinazuia mwenye damu yake. Mimi zinanirudishia. Ikisharudi vizuri, naziacha, baba yako anakuja Krismasi."

"Nani amekwambia hivyo?"

"Macho yangu."

Na damu ilirudi kweli! Ningebishana na nini? Mama alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona, anaimba akipalilia, anamsalimu baba mdogo kwa sauti kubwa kutoka upande wetu wa mkonge. Nami, Mungu wangu, nilifurahi naye.

Halafu kichwa kikaanza. Kwanza alikifunga leso, akaenda shamba. Baadaye akawa anasimama katikati ya njia, ameshika kichwa, anasubiri kitu kipite. Alisema nukta zinamrukia jichoni. Mguu ukamvimba akaukanda kwa maji ya chumvi. Nikamwambia twende hospitali, akanijia juu: "Waninyang'anye? Mwezi umebaki mmoja, wewe msichana, niache!" Kwa ukali ule nilitambua kwamba alikuwa akiogopa zaidi yangu.

Mawingu ya Novemba yalipojaa juu ya vilima, alileta kibuyu shambani. Alimwaga mbegu kwenye ungo ili apeperushe majivu. Kisha ungo ukamponyoka upande mmoja. Akainama kuziokota na mkono wa kulia haukumfuata. Aliniangalia na mdomo ukateremka, akasema neno ambalo halikuwa neno.

Hospitalini daktari aliuliza alikuwa anatumia dawa gani. Nikatoa pakiti. Ningefanya nini, nimfiche daktari mama afe? Baba mdogo alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ndiye aliyetafuta gari, na daktari hakupunguza sauti hata kidogo. "Hizi ni za kuzuia mimba! Kwa umri huu, na presha hii!"

Nilimwona baba mdogo akiyapokea maneno yale. Aliokota pakiti pale kitandani. Akavaa kofia yake akatoka.

Mama aliporudishwa nyumbani, ukoo ulikuwa umekaa uani, na baba ameitwa kutoka Mombasa. Jirani alikuwepo na mkewe, yule msichana. Baba mdogo aliinua pakiti watu waone. Miaka yote hii, akasema, tunamwombea huyu mama apate vijana, kumbe yeye anawameza.

"Ni uongo!" nikapiga kelele. "Alikuwa anatafuta mtoto!"

Wakacheka. Hata wanawake. "Nani anatafuta mtoto kwa dawa ya kufunga mtoto?" Nilieleza, nikaeleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo.

Baba akamwinamia. "Ulikuwa unameza hizi?"

Mama hakuwahi kusema uongo. Akaitikia kwa kichwa. Swali la kwa nini lilihitaji mdomo, na hakuna aliyeliuliza.

"Shemeji," baba mdogo akasema kwa upole, "alikuletea nani? Tuonyeshe kwa mkono tu."

Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Ulipoanza kuinuka nilimwona msichana akikunja pindo la kanga yake, akikunja, akikunja, na mumewe ameketi ubavuni pake. Mimi nikafungua kinywa. Mama akanitupia jicho lile la kuninyamazisha kanisani nikiwa mtoto, nikakifunga. Mkono wake ukapita upande wa msichana bila kusimama, ukarudi, ukatua kifuani pake mwenyewe.

Baba alinyanyuka. Alimfuata ndugu yake, wakateremka pamoja kwenda kuangalia mkonge.