Dakika Kumi na Moja za Mke Wangu

Shida ilianza mwaka 2021, nikiwa na miaka sitini na nane. Kabla ya hapo sikuwa na shida, nilikuwa na kazi. Shule niliacha darasa la tatu, nikalima njegere na karoti huku milimani, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma bila kumwomba mtu.

Mke wangu alikuwa anakoroma. Kwetu mwanamke akikoroma watu wanajua ameshiba, nami nilijivunia. Nikimtania, "Trekta la shamba la gereza la Kingolwira limewaka," ananijibu, "Na wewe unalala kwenye shamba la nani?" Kweli, shamba lilikuwa la ukoo wa mama yake. Mimi nilikuja kuoa tu.

Mwaka huo akaanza kusinzia mchana, karoti mkononi. Binti yetu anauza mboga mjini, Mwembesongo; akamweleza daktari wa huko. Daktari akasema huenda pumzi zinamkatika usingizini, aje alale hospitali apimwe. Nikakataa. Mke wangu alale kitanda cha watu? Daktari akasema basi arekodiwe kwa simu, yeye ana kompyuta inayosikiliza pumzi za mtu aliyelala.

"Baba, mrekodi saa nzima."

"Nimesikia. Kwani mimi mtoto?"

Alipojilaza mchana baada ya shamba, nilikaa kando ya kitanda. Akikoroma, nabonyeza. Akinyamaza, nazima. Simu tunachaji dukani kwa mwenye sola, na mimi sikujenga nyumba kwa kupoteza vitu. Kimya unakirekodi cha nini? Tena akinyamaza nilifurahi, nikasema sasa amepumzika. Halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini, anakoroma, nabonyeza tena.

Binti aliipeleka sauti kwa daktari. Daktari alisikiliza, akasema hapa pumzi haikatiki, lakini sauti ni fupi, nirudie. Nikasema njegere ziishe kwanza.

Hazijaisha, akafa. Ilikuwa mchana. Mimi niko nje nafunga magunia, nasikia kimya ndani, nashukuru.

Baada ya mazishi binti aliniuliza, "Baba, mbona ile sauti inarukaruka?"

Nikamweleza. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji, na mapipa yalikuwa yamejaa.

Shamba limerudi kwa ukoo wake, na nyumba imo humo humo. Wameniambia nikae tu, nimekaa. Changu leo ni hiki: nguruwe wawili, majembe matatu, kitanda, redio, na simu yenye dakika kumi na moja za mke wangu akikoroma. Kimya hakimo hata kidogo.